Kahawa yetu, tuionje sisi wenyewe

Wandugu wanamemba, mnunuzi anaonja kahawa yetu mbele ya kutoa bei. Sisi wenye kuilima, wengi hatujaionja bado. Tuanze nyumbani.

Kaanga kahawa, ilale usiku mmoja, kisha uisage. Weka gramu 15 (vijiko vikubwa 3 hivi) ndani ya kitambaa safi juu ya kikombe. Mai yakichemka, yaondoe kwenye moto. Mwanga kidogo, ngojea sekunde 30 kahawa ivimbe, kisha ongeza polepole mpaka mililita 250. Dakika 3 ao 4 inatosha.

Inanuka kirazi kibichi? Tafuta kidudu antestia kwenye miti yako. Iko na ukali wa siki? Pengine ilichacha kupita kiasi. Punje moja ya kirazi inaharibu kikombe kizima: basi onja vikombe vingi.