Nesi, Kompyuta na Kitabu cha MTUHA

Kitabu namba 6 cha MTUHA, rejista ya wajawazito, kikifunguliwa kinameza meza nzima. Mama mmoja, mstari mmoja: umri, mimba ya ngapi, presha, wingi wa damu, kipimo cha VVU, dawa ya kuzuia malaria, mahudhurio ya marudio. Nesi anapitisha rula, jicho linanasa kisanduku kitupu, na papo hapo anajua kipimo gani kimesahauliwa. Kutoka Bagamoyo mjini hadi Ubena Zomozi, kwenye barabara ya Morogoro, wakunga wamekulia kazini na vitabu hivi. MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, upo tangu miaka ya 1990.

Siku hizi kuna kompyuta pembeni. GoTHOMIS, mfumo wa serikali kwa hospitali na vituo vya halmashauri, unamfuata mgonjwa kuanzia mapokezi na malipo hadi maabara na dirisha la dawa. Hesabu za fedha zimenufaika, sibishi. Ila mifumo ya aina hii humkatia nesi ule mstari vipande vipande: presha ukurasa huu, majibu ya maabara ukurasa ule, bofya, subiri, rudi.

Ugumu huo una kipimo chake. Mwaka 1986, huko Uingereza, John Brooke alitunga dodoso la kauli 10 linaloupa mfumo alama kati ya 0 na 100 kwa urahisi wa kuutumia. Wastani ni 68. Mwaka 2021 zilichapishwa alama ambazo wauguzi wa Marekani walizipa rekodi za kielektroniki za wagonjwa: 57.6. Walioona mfumo ni mgumu ndio pia walioelekea kuchoshwa na kazi yenyewe. Na hao ni watu ambao umeme na mtandao kwao si bahati.

Wodi ya wazazi ndiyo inayouumbua mfumo mbovu. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, njia hupimwa kila baada ya saa 4. Glavu zina damu. Unazivua, unaandika paswedi, mama anaita, ukirudi ukurasa umeshajifunga. Partografu ya karatasi, chati ya kufuatilia uchungu waliyoibuni watafiti Philpott na Castle mjini Salisbury (Harare ya leo) mwaka 1972, inataka nukta ya kalamu tu, na mchoro ukivuka mstari wa tahadhari hata mwanafunzi anashtuka. Kishikwambi nacho kinaweza, tena kwa ziada: partografu ya kielektroniki iliyojaribiwa Zanzibar, utafiti wake ukachapishwa 2018, ilikuwa na milio ya kumkumbusha mkunga kupima.

Kero kubwa ni kuandika mara mbili, kitabuni na kwenye kompyuta. Takwimu za mwezi hupanda DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea Tanzania nzima kufikia 2013, lakini vituo vingi bado huzihesabu kutoka vitabuni kwa vijiti vinne na cha tano kukatiza. Kwa hiyo zamu ikizidiwa, kitabu kinajazwa kwanza na kompyuta inangoja asubuhi. Mtoto kazaliwa saa tisa usiku. Saa inayobaki kwenye mfumo ni ile nesi aliyopata nafasi ya kukaa.