Mlima si wa Wageni Peke Yao

Wiki iliyopita jirani yangu mmoja hapa Nakwa alinisimamisha njiani na kuniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alikuwa amesikia kwamba mimi na mama watoto tulikwenda kulala kwenye hema chini ya Mlima Hanang, kisha tukaanza kuupanda. Akasema, "Sasa ndugu mtangazaji, mlilipwa shilingi ngapi?"

Nilipomjibu kwamba hatukulipwa, bali sisi ndio tuliolipa, alinitazama kwa huruma.

Simlaumu. Wengi wetu tumekua tukijua kwamba mtu hupanda mlima kufuata kuni, kutafuta mbuzi aliyepotea, au kubeba mizigo ya mzungu. Kupanda ili kutembea tu ni jambo la wageni. Na hali Mlima Kwaraa, wenye mita zaidi ya 2,400, tunauona kila tukifungua madirisha hapa Babati. Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, huhesabiwa kuwa wa nne kwa urefu katika Tanzania nzima. Kutoka stendi ya Babati kwenda Katesh, mji ulio chini yake, ni kilometa 70 na ushei, lami tupu. Unapita Dareda, unapita Endasaki, na mlima wenyewe unakukaribisha toka mbali.

Basi, msikilizaji, leo nataka kueleza safari hiyo ilivyo, kwa faida ya mke na mume wanaoweza kuazima gari la shemeji kwa siku tatu kama tulivyofanya sisi.

Kwanza ni majira. Wageni wa Ulaya huja Julai na Agosti kwa kuwa ndiyo likizo yao ya kiangazi, na baadhi yao hufika na kaptura wakidhani Afrika yote ni joto. Kwetu hiyo ndiyo miezi ya baridi. Lakini ni miezi mikavu, na ukavu ndio tunaoutaka. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Ama kuhusu baridi, hesabu yake ni rahisi. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Babati uko kwenye mita 1,300 na kitu. Kilele cha Hanang kiko juu yetu kwa mita zaidi ya 2,000. Kwa hiyo, mchana ambao sisi huku tuna nyuzi 22, kule juu ni kama 10, na hapo upepo bado haujahesabiwa. Mimi nilifungasha blanketi moja. Mama watoto alifungasha matatu, nikamcheka. Usiku ule nililala kwenye moja la kwake.

Jambo la pili ni maji. Usitegemee kuyapata huko juu. Beba yako, lita nne kwa kila mtu si nyingi. Msitu wa Hanang ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo unahitaji kibali, na usiende bila mwenyeji wa kukuongoza. Wapo wanaoona hiyo ni njia ya kula fedha za watu. Nami nilikuwa na fikra hizo mpaka jioni ya siku ya kwanza.

Jioni hiyo nilikuwa nimekwisha chagua mahali pa kusimamisha hema. Palikuwa pazuri, tambarare, penye mchanga laini, kando ya korongo kavu. Kijana aliyetuongoza aliponiona nikipiga mambo za kwanza, alizing'oa bila kuniomba radhi. "Hapo hapana, mzee," akasema. "Hapo ni njia."

Njia ya nani? Alikuwa na maana ya njia ya mlima wenyewe.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata mikondo ya mito mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wapo waliodhani volkano imelipuka, kwa kuwa Hanang kweli ni mlima wa volkano. Serikali ikaeleza kwamba haikuwa hivyo. Sehemu ya mlima ilikuwa imenyonya maji ikashindwa kujishikilia.

Jambo lenyewe ni hivi. Mlima wa namna hii umejengwa kwa majivu na mawe yaliyotapikwa zamani, tabaka juu ya tabaka, na mengi yameoza na kulainika. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji huingia katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo. Uzito unaongezeka, na wakati huohuo tabaka zinapoteza mshiko. Mteremko ukiwa mkali, siku moja huachia. Na likishaachia, lile korongo linalokauka Julai hugeuka mfereji. Mchanga ule laini niliouchagua uliletwa na maji.

Tulihamishia hema mgongoni, kwenye majabali na upepo. Hakuna aliyelalamika.

Tulianza kupanda saa kumi na moja alfajiri. Kuna msitu, halafu vichaka, halafu nyasi na mawe yanayoteleza chini ya raba. Kwenda na kurudi ni kazi ya saa kumi au zaidi. Ukipita mita 2,500 hivi, mwili unaweza kudai hewa: kichwa kinagonga, tumbo linachafuka. Dawa yake ni kushuka, na ugonjwa huo hauchagui mwenye nguvu. Mimi nilianza kuumwa kichwa tukiwa tumepita vichaka, nikanyamaza, maana mwanamume aliyesifia safari mwezi mzima hawezi kusema amechoka. Mama watoto alinitazama usoni, akamgeukia kijana: "Tunashuka." Wala hakuniuliza mimi.

Kwa hiyo hatukufika kileleni. Tulipokuwa tukishuka, kijana alitusimamisha tukaona vizuri michirizi iliyoachwa na maporomoko, na huko chini mabati mapya ya Katesh yakimetameta. Akatuonyesha kwa kidole ng'ambo ya mto, mahali palipokuwa na nyumba za watu aliowafahamu. Kisha akatuambia tuangalie miguu, magoti huumia zaidi wakati wa kushuka.

Tulifika hemani saa tisa alasiri, tukapika viazi. Mama watoto sasa anazungumza habari za Kwaraa, hapahapa nyumbani, kama mazoezi ya kurudi Hanang Agosti ijayo. Raba zangu amezianika yeye mwenyewe.