Riwaya kwa siku 30: Kalemie ina hadithi, kinachokosekana ni kurasa

KALEMIE – Riwaya inayojulikana zaidi duniani kuhusu vita vya ziwa Tanganyika haikuandikwa na mtu wa Kalemie, wala wa Uvira, wala wa Kigoma. Iliandikwa na Mwingereza, C. S. Forester, ikatoka mwaka 1935 kwa jina la The African Queen, na mwaka 1951 ikageuzwa filamu iliyochezwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ndani ya kitabu hicho hata jina la ziwa limebadilishwa: linaitwa Wittelsbach. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ile ambayo baadaye watu wa pande zote za ziwa waliizoea kwa jina la Liemba, nayo imepewa jina lingine.

Tukio lililozaa hadithi hiyo lilianzia hapa. Mwaka 1915 boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilisafirishwa kwa reli hadi Fungurume, zikavutwa na ng'ombe na mashine za mvuke juu ya milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapandishwa tena kwenye treni hadi mwisho wa reli, kwenye mdomo wa Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 meli ya pili, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Majina ya maofisa wa Kiingereza yamo vitabuni. Ya wanaume wa Katanga waliokata miti, wakajenga madaraja na kuchimba njia ili boti hizo zipite, hayamo. Waliokuwa na habari yao wamekwisha kufa, na hakuna aliyeandika.

Hiyo ndiyo sababu swali la jinsi ya kuandika riwaya, ile ambayo wengi mjini huita romani, kwa haraka na baada ya kazi, si swali la wazungu wenye nafasi tu. Katika jimbo la Tanganyika kuna wazee waliofanya kazi kwenye reli na kwenye kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Kuna familia zilizokimbia mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyopamba moto kuanzia mwaka 2016. Kila mwaka sehemu ya habari hizo inazikwa pamoja na wenyewe.

Mtindo wa riwaya ya mwezi mmoja ulianzia Marekani. Mwezi wa Julai 1999, kijana mmoja wa eneo la San Francisco, Chris Baty, aliwakusanya marafiki, wote wakiwa 21, wakapatana kwamba kila mmoja ataandika riwaya nzima ndani ya mwezi mmoja. Mwaka uliofuata wakahamishia zoezi kwenye mwezi wa Novemba, likapata umaarufu chini ya jina la NaNoWriMo. Sharti lilikuwa jepesi kusema: maneno 50.000 kwa siku 30, yaani 1.667 kwa siku. Hakukuwa na hakimu wa kusoma kama kitabu ni kizuri. Aliyefikisha hesabu ameshinda. Vitabu vingi vilivyotoka humo havikufaa kitu, lakini Water for Elephants cha Sara Gruen na The Night Circus cha Erin Morgenstern vilianzia humo, na vyote viwili viliuzwa sana. Shirika lililosimamia zoezi hilo lilitangaza tarehe 31 Machi 2025 kwamba linafunga milango, baada ya miaka ya magumu ya pesa na mabishano. Zoezi lenyewe halihitaji shirika. Linahitaji kaye, biki na kalenda.

Hesabu ile, hata hivyo, ilipigwa kwa Kiingereza, na mtu wa Kalemie hana sababu ya kuifuata kama amri. Kiswahili hubana maneno. Pale Mfaransa anapoandika « je ne leur ai pas dit », maneno sita, Mswahili anaandika « sikuwaambia », neno moja. Riwaya ya maneno 35.000 ya Kiswahili inaweza kubeba mambo mengi sawa na ile ya 50.000 ya Kiingereza. Kwa siku 30 hayo ni maneno kama 1.170 kwa siku. Kwa mwandiko wa kawaida, ukurasa wa kaye unachukua maneno karibu 200, basi ni kurasa sita hivi. Mwalimu anayerudi kutoka shuleni saa nane, au kijana wa bandarini anayepumzika jioni, anaweza kuzimaliza kwa saa mbili, ikiwa hasimami.

Kutosimama ndiko kugumu. Kinachoua nakala ya kwanza si uvivu peke yake. Ni kurudi nyuma kusahihisha. Na mwandishi wa mashariki mwa Kongo ana walimu wawili kichwani wanaomsahihisha kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni yule wa Kifaransa, lugha ambayo shule ilimfundisha kuandikia insha. Wa pili ni yule wa Kiswahili bora, anayemwambia kwamba « batoto » si neno, aandike « watoto », na kwamba « niko naenda » haistahili kuwekwa kitabuni. Kabla sentensi ya pili haijatoka, mtu amekwisha kuona haya. Faida kubwa ya kukimbia ni kwamba walimu hao hawapati nafasi ya kusema. Mtu anaandika kama anavyosimulia nyumbani, na masahihisho yanangoja mwezi ujao.

Katanga ina mfano wake, wa zamani kuliko ule wa Marekani. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav alitunga kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu maandishi yaliyoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Licha ya jina, si kamusi. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana na maboi na wafanyakazi, iliyopigwa kwa mashine na kunakiliwa, kwa Kiswahili cha mjini kabisa, tahajia ikienda inavyotaka. Mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kuitoa kama kitabu, mwaka 1990, kuisoma kwa macho hakukutosha: ilibidi isomwe kwa sauti na mtu wa lugha hiyo ndipo maneno yaliyoungana yaachane na maana itoke. Angengoja kwanza ajue tahajia ya Zanzibar, Yav asingeandika kitu, na leo isingekuwepo historia hiyo ya Elisabethville iliyotoka chini, kwa watumishi wenyewe.

Tena wanaotunga haraka hawajifungi kwenye karatasi tu. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, wa Lubumbashi, alikuwa akipitisha picha zake mlango kwa mlango kuziuza: mamba muntu, Lumumba, mateso ya wakati wa Wabelgiji. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora picha karibu 100 zinazofuatana, akisimulia historia ya nchi tangu mababu hadi Zaire ya Mobutu, na kila alipozileta aliketi kueleza kwa Kiswahili kila picha inasema nini. Alijiita mwanahistoria. Hizo ni sura 100 za kitabu kimoja. Picha hizo sasa zinatunzwa Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuonekana tena.

Kundi la maigizo la Mufwankolo, pia la Lubumbashi, lilifanya kazi kwa namna iliyo karibu zaidi na riwaya ya mwezi mmoja. Mwaka 1986 walianza na usemi tu, kwamba mamlaka huliwa mazima, wakabishana maana yake, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi na kuuigiza mchezo mbele ya kamera za televisheni, yote kwa majuma machache. Hakukuwa na maandishi ya kukariri. Kila mchezaji alijua tukio linaanza wapi na linaishia wapi, maneno ya katikati aliyatoa mwenyewe. Kwa anayeandika romani bila mpango mrefu, njia hiyo inafaa kuigwa: jioni ajue tu sura ya kesho inaanza na nani na inaishia na nini.

Waandishi wa Kongo wanaosomwa nje leo nao hawashiki kazi moja. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Graz, Austria, aliyetoa Tram 83 mwaka 2014, ni mshairi anayepanda jukwaani pamoja na wapiga muziki wa jazi, na mtu akisoma kurasa zake anasikia marudio kama ya wimbo. Sinzo Aanza wa Goma, aliyetoa riwaya Généalogie d'une banalité mwaka 2015, ni msanii wa maonyesho pia. Wote wawili wameandika kwa Kifaransa. Kalemie ina kwaya nyingi, ina wapiga gita, ina akina mama wanaoshona na kudarizi, ina vijana wachoraji wa vibao vya maduka. Mtu anayeshika moja ya kazi hizo amekwisha kujifunza jambo ambalo riwaya inalidai: kurudi kila siku mahali pale pale, hata siku isiyo na hamu. Na siku kichwa kinapokataa maneno, kuchora uso wa mhusika au kupiga gita nusu saa hakumpotezei muda, mradi arudi kwenye kaye kabla ya kulala.

Haraka ina hatari yake. Georges Simenon, Mbelgiji wa Liège, ndiye aliyesifiwa kuliko wote kwa kasi: sura moja kwa siku, kitabu kizima kwa siku kumi hivi, majina ya wahusika yameandikwa juu ya bahasha kabla ya kuanza. Mwaka 1932 alipita Kongo, ambako mdogo wake Christian alikuwa akifanya kazi Matadi. Mwaka huo huo alitoa makala za kuushutumu ukoloni katika gazeti la Voilà la Paris, na mwaka 1937 riwaya Le Blanc à lunettes, kuhusu mzungu mwenye shamba la kahawa nchini Kongo. Wazungu wake wanaishi kweli ndani ya kurasa. Weusi ni vivuli vinavyopita nyuma yao. Aliyepita nchini kwa miezi michache alikuwa na kasi ya mkono, hakuwa na miaka ya kusikiliza. Mkaaji wa Kalemie anaanza na kile Simenon alichokosa.

Wala si kweli kwamba kuandika ni jambo geni mkoani. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, upande wa Mpala, alichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1910 na 1911 katika gazeti la Revue congolaise, maandishi yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Mkongomani kutolewa kwa lugha hiyo. Ilikuwa miaka saba kabla hajapewa upadri, wa kwanza wa nchi nzima, mwaka 1917.

Basi vifaa. Umeme wa Kalemie unatoka kwenye maporomoko ya Bendera, na ukikatika, simu inakufa pamoja na sura iliyokuwa ndani yake. Kaye haikatiki. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, mwaka 1978, na Waswahili waliipata mwaka 1982 kama Shetani Msalabani. Si kwamba taabu ni nzuri. Karatasi zile askari walizinyang'anya wakati mmoja, karibu kazi yote ipotee. Kwa hiyo mwenye simu na apige picha kila ukurasa mwisho wa juma, amtumie ndugu aliye Lubumbashi au Bukavu azihifadhi.

Siku ya 31 mtu hana kitabu bado. Ana nakala ya kwanza, na humo mhusika aliyekufa sura ya tatu anakunywa chai sura ya tisa. Inafaa kuiacha majuma mawili au matatu, kisha kuisoma kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyeogopa kusema kwamba amechoka kusikiliza. Kilichomsaidia Fabian kuelewa Yav kitamsaidia mwandishi kujielewa. Hapo ndipo mahali pa kuamua « batoto » wabaki au waondoke: katika mazungumzo ya wahusika wabaki, kwa sababu hakuna mama wa Lubuye anayewaita wanawe kwa Kiswahili cha Unguja.

Wachapishaji wa riwaya za Kiswahili wako zaidi Dar es Salaam na Nairobi. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini vitabu bado havijazoea kuvuka ziwa. Mlango mmoja uliofunguka ni tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo imekuwa ikipokea miswada isiyochapishwa. Riwaya iliyoshinda mwaka 2015 ilikuwa Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza. Mwenye nakala mkononi anaweza kuijaribu. Asiye nayo hana cha kutuma.

Novemba huku ni mwezi wa mvua, na mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za kando. Kaye na ilale ndani ya sashe iliyofungwa vizuri, mahali pa juu.