Utetezi wa Tasnifu: Kutetea Uamuzi wa Kitafiti Mbele ya Watahini

Utetezi wa tasnifu ni mtihani wa mdomo ambamo mtahiniwa huthibitisha mbele ya jopo kwamba utafiti ni wake na kwamba anaielewa misingi yake. Kwa kuwa watahini huwa wamekwisha kuisoma tasnifu, muhtasari wa kila sura hauwaongezei jambo. Uwasilishaji unaofaa hubainisha tatizo la utafiti, pengo la maarifa, nadharia, mbinu na matokeo makuu. Makala haya yanaonesha kuwa maswali yanayofuata hulenga zaidi uamuzi wa mtafiti kuliko taarifa alizokusanya.

Uainishaji wa ngeli za nomino za Kiswahili ni mfano mwafaka. Mtahiniwa aliyetumia kigezo cha upatanisho wa kisarufi anaweza kuulizwa nomino “kiboko” iwekwe wapi. Kimofolojia, nomino hiyo huchukua viambishi ki- na vi-, iwe inarejelea mnyama au mjeledi. Kisintaksia, maana hizo mbili hutengana: “kiboko amezama” ni mnyama, “kiboko kimekatika” ni mjeledi. Anayejibu kwa kutaja ngeli tu, A-WA au KI-VI, amejibu nusu ya swali. Jibu kamili hueleza kwa nini kigezo hicho kimechaguliwa na wapi kinaishia. Upatanisho huweka “kiboko” na “mtu” katika ngeli moja ya A-WA, lakini hauelezi kwa nini wingi wa nomino hizo ni “viboko” na “watu”.

Kwa hiyo, katika maandalizi, mtahiniwa hana budi kuipitia upya tasnifu yake na kuorodhesha kila mahali alipochagua njia moja na kuacha nyingine: eneo la utafiti, sampuli, nadharia na istilahi. Kila uamuzi uandaliwe sababu yake na mipaka yake. Mazoezi mbele ya wenzake wasiobobea katika mada hiyo humsaidia kugundua hoja aliyoidhania kuwa wazi.

Wakati wa utetezi, mtahiniwa anaweza kuomba swali lisiloeleweka lirudiwe. Kukiri mipaka ya data hakumdhoofishi. Kinachomdhoofisha ni kudai yasiyothibitishwa na data hiyo. Vilevile, inafaa ayaandike maswali yote, kwani mengi huwa msingi wa marekebisho. Tasnifu ikishahifadhiwa maktabani, watafiti wengine huinukuu. Dosari isiyorekebishwa katika hatua hii hurithiwa na tafiti zitakazofuata.