Kuhamia Mikindani: Hesabu ya mtoto itangulie

MFANYABIASHARA anayefunga virago Dar es Salaam kwenda Mtwara hupiga kwanza hesabu ya mtaji na mzigo. Hesabu ya mtoto huja mwisho, nayo ndiyo inayoweza kumrudisha alikotoka.

Mikindani, mji mkongwe ulio yapata kilometa 10 kutoka Mtwara mjini, humwezesha mtu kuishi kwa utulivu na kufanya biashara mjini. Lakini unafuu wowote wa pango sharti utolewe nauli ya kila siku, ya mzazi na ya mtoto pia iwapo atasoma mjini. Shule za msingi za Serikali hazitozi ada, ila sare na madaftari ni juu ya mzazi.

Pili ni msimu. Fedha za Mtwara hufuata korosho, na minada huanza kwa kawaida Oktoba. Duka linalochangamka Desemba laweza kudorora Mei, ilhali wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo.

Gesi nayo imeacha funzo. Ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam ulileta wageni na pango likapanda. Bomba lilipozinduliwa 2015, wapangaji walipungua.

Anayehama na mtoto atenge akiba ya miezi isiyo na korosho kabla ya kununua mzigo. Wakati mzuri ni Januari: mwaka wa masomo unaanza, na fedha za msimu bado zimo mikononi mwa wateja.