Mkono unaovimba baada ya saratani: si uchawi, si mbu

Katika hospitali za umma za Johannesburg, ikiwemo Chris Hani Baragwanath iliyoko Soweto, wanawake wengi wenye saratani ya matiti hufika ugonjwa ukiwa umekwishaenea. Upasuaji wao mara nyingi huondoa titi pamoja na tezi za kwapani. Miezi au hata miaka baadaye, baadhi yao huanza kuona mkono ukiwa mzito, pete ikibana na ngozi ikikaza.

Hali hiyo huitwa limfedema. Tezi zikiondolewa au kuunguzwa na mionzi, maji ya mwili hukosa njia na kujikusanya. Inakadiriwa kuwa mwanamke mmoja kati ya watano walioondolewa tezi nyingi za kwapani hupatwa na uvimbe huo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua uvimbe kwa jina la matende. Matende yetu ya pwani huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na ndiyo maana mwaka 2000 Tanzania ilianza kugawa dawa za kinga, ikianzia kisiwani Mafia. Afrika Kusini haimo miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo. Hivyo ndugu aliye Johannesburg anapopiga simu nyumbani kusema mkono umevimba, tusikimbilie kutaja mbu, wala kumtafuta mchawi. Arudi kwa daktari, ambaye pia atahakikisha kuwa saratani haijarejea.

Limfedema haina dawa ya kuimaliza, lakini hudhibitiwa. Msingi wake ni usafi wa kila siku: kuosha kwa maji na sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole na kupaka mafuta ngozi isipasuke. Glavu zivaliwe wakati wa kulima au kuokota vigae. Bandeji au mkono wa kubana upimwe na mtaalamu, kwani ukiazimwa kwa jirani unaweza kudhuru. Vidonge vya kukojoza haviondoi uvimbe huu.

Zamani wagonjwa waliambiwa wasibebe kitu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliowahusisha wanawake 141, ulionyesha kuwa kunyanyua vyuma kidogo kidogo, chini ya uangalizi, hakukuzidisha uvimbe. Kufua na kubeba mtoto, basi, si mwiko. Linalotakiwa ni kuongeza uzito polepole.

Hatari kubwa ni maambukizi. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikaja, mgonjwa aende kliniki siku hiyo hiyo apewe antibayotiki. Asikandwe kwa maji ya moto, wala asichanjwe.

Aliyepona saratani asiachwe ajifiche kwa sababu ya mkono. Sisi jamaa zake tumsaidie kufunga bandeji, kwani kwa mkono mmoja ni kazi ngumu.