Mizani ya mtafiti si hesabu ya makala

Usione vyaelea, vyaundwa. Mzazi wa Kisumu, Busia au Kwale ambaye mwanawe ameshikwa na malaria, akapimwa damu katika zahanati na kupewa vidonge vya manjano vya kumezwa kwa siku tatu, aghalabu hajiulizi ni nani aliyeviunda. Wala si lazima ajiulize, kwani mgonjwa hutaka nafuu, hataki historia. Lakini sisi tunaolipa kodi inayoendesha vyuo vikuu, na ambao kila mara tunawasikia wasomi wetu wakivutana kuhusu vyeo, tuna sababu njema ya kuuliza. Katika jibu la swali hilo mna funzo kuhusu namna tunavyowapima watafiti wa tiba, na funzo lenyewe linatosha kututilia shaka mizani tunayoitumia.

Kenya iliamua mwaka 2004 kwamba malaria ya kawaida itibiwe kwa mseto wa dawa unaotokana na artemisinini. Miaka sita kabla ya hapo klorokwini ilikuwa imewekwa kando kwa sababu vimelea vya ugonjwa huo vilikuwa vimeizoea, na dawa iliyoshika nafasi yake nayo ilikuwa imeanza kushindwa. Artemisinini hutolewa katika mmea wa Kichina uitwao qinghao, ambao ni wa jamii moja na pakanga inayojulikana na waganga wetu wa mitishamba. Mtu aliyeongoza kazi ya kuigundua ni Bi Tu Youyou, mtaalamu wa dawa wa mjini Beijing.

Kazi ya Bi Tu ilikuwa sehemu ya mradi wa siri ulioanzishwa na serikali ya Uchina tarehe 23 Mei 1967, wakati wa Vita vya Vietnam, kwa kuwa malaria ilikuwa ikiwaangamiza wanajeshi msituni. Alikabidhiwa uongozi wa kikundi cha watafiti katika taasisi yake mwaka 1969. Yeye na wenzake walikusanya maagizo yapatayo 2,000 ya tiba za jadi, wakajaribu mimea mingi na kushindwa mara nyingi. Hata qinghao yenyewe iliwahadaa: leo ingeonyesha nguvu, kesho ikalegea.

Ndipo Bi Tu aliporudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, akaona jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita. Ge Hong aliagiza majani ya qinghao yaloweshwe majini, yakamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakusema yachemshwe. Bi Tu alitambua kwamba huenda moto ndio ulioiua dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye joto la nyuzi 35 tu. Mnamo Oktoba 1971 sampuli nambari 191 iliwaponya panya wote waliojaribiwa, na baadaye nyani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili waliinywa dawa hiyo wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, ili wahakikishe kwamba haina sumu.

Sasa hebu tulifungue daftari la machapisho yake. Taarifa ya kwanza ya kitaalamu kuhusu umbo la artemisinini ilichapishwa katika jarida la Kichina mwaka 1977, nayo ilitiwa sahihi na kikundi cha ushirikiano, bila kumtaja mtu hata mmoja. Ndiyo iliyokuwa desturi ya Uchina ya wakati huo. Kwa miaka mingi wataalamu wa malaria ulimwenguni waliitumia dawa bila kujua ni nani wa kushukuriwa, hadi watafiti wawili walioko Marekani, Louis Miller na Xinzhuan Su, walipofuatilia nyaraka na kuchapisha waliyoyapata mwaka 2011. Mwaka 2015 Bi Tu alipotunukiwa Nishani ya Nobel ya Tiba hakuwa na shahada ya uzamifu, hakuwa amefanya utafiti ng'ambo, wala hakuwa mwanachama wa akademia ya sayansi ya nchi yake.

Ni haki kuongeza kwamba Bi Tu hakuwa peke yake. Mradi huo ulikuwa na mamia ya wanasayansi. Wengine ndio walioigeuza artemisinini kuwa artemetha, na wengine wakaunda lumefantrini, dawa ya pili iliyomo ndani ya vidonge vile vya manjano. Wengi wao hatutawajua kwa majina. Hata hivyo, kazi yao inajulikana. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba kiwango cha vifo vya malaria duniani kilikuwa kimepungua kwa asilimia 60 tangu mwaka 2000. Vyandarua vilichangia sehemu kubwa, na dawa za artemisinini nazo zikatoa mchango wao.

Je, msomi wa namna hiyo angepanda cheo katika vyuo vya leo? Swali hili si la mzaha.

Siku hizi mtafiti hupimwa kwa mambo mawili: idadi ya makala alizochapisha, na idadi ya mara ambazo makala hizo zimenukuliwa na watafiti wengine. Hesabu ya pili ilianza kwa nia njema. Eugene Garfield wa Marekani alitoa faharasa yake ya manukuu ya kisayansi katika miaka ya 1960, lengo lake kuu likiwa kumsaidia msomaji kufuatilia wazo moja kutoka makala hadi makala. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akapendekeza kipimo kinachounganisha mambo hayo mawili katika nambari moja. Mtafiti mwenye makala 20, ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, hupata alama 20. Ni kipimo chepesi, na wepesi wake ndio uliokipendekeza kwa wakubwa wa vyuo. Lakini kwa kipimo hicho, ile taarifa ya mwaka 1977 haimpi alama mtu yeyote, kwa kuwa haina jina la mtu.

Tena kunukuliwa sana si ushahidi wa ubora. Makala iliyonukuliwa kupita zote katika sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1951, nayo imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Makala hiyo haikugundua tiba wala kiini cha ugonjwa wowote. Inaeleza njia ya kupima kiasi cha protini katika mchanganyiko, na kwa kuwa kila maabara ilihitaji njia hiyo, kila maabara iliitaja. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa makala kubwa.

Na kuna mfano mchungu zaidi. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza kwamba huenda chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ina uhusiano na usonji. Makala hiyo ilivuma na kunukuliwa mno, wengi wakiitaja ili kuipinga. Jarida liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Kufikia hapo wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuwanyima watoto wao chanjo. Mashine ya kuhesabu haijui kutofautisha anayetajwa kwa kusifiwa na anayetajwa kwa kukanushwa.

Tukirudi nyumbani, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vya pamoja vya kuwaajiri na kuwapandisha vyeo wahadhiri, na machapisho yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyopewa alama. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Alama zina kazi yake. Pasipo kigezo cha wazi, cheo huenda kwa ndugu, kwa rafiki au kwa mtu wa kabila la mkubwa, na mhadhiri mnyonge anayefanya kazi yake usiku na mchana hana pa kushikilia. Nambari inaweza kuwa ngao ya asiye na mtu. Aidha, mtafiti anayelipwa na umma hana ruhusa ya kuficha matokeo yake sandukuni. Kuchapisha ni wajibu.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msomi akishajua kwamba kinachohesabiwa ni wingi, utafiti mmoja ataukata vipande vitano ili apate makala tano. Atamtia rafiki jina katika kazi asiyoifanya, naye rafiki atalipa fadhila. Wengine huyakimbilia majarida yanayochapisha lolote, mradi ada imelipwa, bila mtaalamu kulisoma neno hata moja. Katika fani nyingine huenda hasara ikaishia katika karatasi tupu. Katika tiba hasara humfikia mgonjwa, kwa sababu makala mbovu ya leo yaweza kuwa agizo la daktari kesho.

Zaidi ya hayo, kazi kubwa za tiba haziendi kwa kasi ya mikutano ya kupandisha vyeo. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kuundwa mwaka 1987. Watoto wa Kilifi na Siaya walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa chanjo hiyo, Kenya ikaanza kuitoa kwa majaribio katika eneo la Ziwa mnamo Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi Oktoba 2021. Hiyo ni miaka 34. Nyuma yake kuna wauguzi, wahudumu wa vijijini na wataalamu wa maabara ambao hawana makala hata moja ya kujivunia. Mwenye pupa ya alama za mwaka huu atawezaje kuianza safari kama hiyo?

Dawa ya maradhi haya haiko mbali. Wanasayansi na wahariri waliokutana San Francisco mwaka 2012 walitoa azimio la kutaka kazi ya mtafiti ihukumiwe kwa yaliyomo, isihukumiwe kwa sifa ya jarida lililoichapisha. Vyuo vyetu vyaweza kulifuata kwa njia rahisi. Anayeomba uprofesa wa tiba na alete kazi zake tano anazoziona bora, na wanaomhukumu wazisome. Waulize: amegundua nini? Je, wengine wamerudia jaribio lake wakapata aliyoyapata? Ni hospitali gani imebadili matibabu, au sera gani imeandikwa upya, kwa sababu ya kazi hiyo? Katika makala yenye majina 30, yeye alifanya lipi? Orodha ya machapisho na ibaki, lakini iwe shahidi mmoja miongoni mwa wengi, isiwe hakimu.

Kusoma kunachosha kuliko kuhesabu, na ndiyo sababu tunahesabu. Hata hivyo, wanaokalia viti vya kuwapima wasomi wanalipwa ili wachoke. Kizuri chajiuza, wahenga walinena, lakini Bi Tu alingoja miaka 44 tangu sampuli nambari 191 hadi Nobeli. Yamkini katika maabara fulani ya Nairobi, Kisumu au Eldoret yumo mtu wa aina yake, mwenye makala chache na swali moja zito analolifuatilia mwaka baada ya mwaka. Tukimwondoa kwa sababu alama zake hazikutimia, hatutajua kamwe tumepoteza nini. Atakayelipa gharama ni yule mtoto wa Busia mwenye homa, ambaye hajui kabisa kwamba kulikuwa na kikao.